Dozi moja ya HPV ilipimwa kwa mabinti wa Mwanza, mbona wazazi wa Mwanza hawaambiwi?

Mhariri, salamu kutoka Ilemela.

Naomba mnivumilie nikirefusha maana hili jambo limenikaa rohoni muda mrefu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mwanza na pale shuleni ndo nimekabidhiwa mambo ya afya, yaani dawa za minyoo, vyoo, mtoto akianguka mimi, na chanjo zikija mimi ndo napanga foleni. Na kila ikija hii chanjo ya HPV, yaani kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, kuna mabinti siku hiyo hawaonekani. Hawaumwi, wamefichwa nyumbani kwa sababu kuna mtu katuma voisi noti kwenye grupu la WhatsApp la mtaa kwamba sindano inaua kizazi. Wazazi wengine wanakuja mpaka getini kumtoa mtoto kwenye mstari, ukiwauliza wanasema mwalimu, Wazungu wanatufanyia majaribio, kwa nini wasianze na watoto wao.

Jamani walianza na watoto wao. Chanjo hii iliidhinishwa mwaka 2006, Australia wakaanza kuwachoma mabinti mashuleni 2007, Uingereza 2008, sisi Tanzania nzima tumekuja kuipata Aprili 2018, kabla ya hapo ilikuwa ya majaribio ya utoaji tu kule Kilimanjaro kuanzia 2014. Hata majirani zetu Rwanda walitutangulia, wao walianza 2011 nchi nzima kwa mabinti wa darasa la sita na mwaka ule ule wa kwanza wakafikisha zaidi ya asilimia 90 ya walengwa kwa dozi zote tatu. Hao mabinti wa Rwanda leo ni wanawake wa miaka ishirini na kitu, wanaolewa na wanazaa kama kawaida.

Lakini kuna jambo ambalo kweli lilipimwa kwa watoto wetu, na hilo wazazi hawalijui kabisa, nalo ni hii dozi moja. Mnakumbuka mwanzo zilikuwa dozi mbili, na kabla ya hapo duniani zilikuwa tatu. Sasa hivi binti wa miaka 9 mpaka 14 anachomwa mara moja basi. Hilo mtaani kwetu ndo likawa ushahidi mpya wa njama, eti mbona wamepunguza, eti dawa imekwisha wanatugawia mabaki, eti wanajaribu kitu kingine. Na hakuna aliyesimama mbele ya wazazi akasema hapana mama, hapana baba, dozi imepunguzwa kwa sababu mabinti wa hapa hapa Mwanza walijitolea na wazazi wao wakakubali, ikapimwa, ikaonekana moja inatosha.

Niieleze kidogo maana najua wasomaji wengi watakuwa wanaisikia kwa mara ya kwanza. Utafiti unaitwa DoRIS, ulifanywa hapa Mwanza na kituo cha utafiti cha MITU kikishirikiana na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na chuo cha afya cha London. Walisajiliwa mabinti 930 wa miaka 9 hadi 14 kuanzia mwaka 2017, wakagawanywa kwa kura makundi sita, kuna waliopata dozi moja, waliopata mbili, waliopata tatu, na kwa aina mbili za chanjo. Kisha wakawa wanatolewa damu kidogo kila baada ya muda kuangalia kingamwili, yaani wale askari wa mwilini wanaokitambua kirusi. Baada ya miaka miwili zaidi ya asilimia 97 ya waliopata dozi moja tu walikuwa na kingamwili dhidi ya HPV 16, ambayo ndo aina ya kirusi hicho mbaya kuliko zote kwenye hii saratani. Wameendelea kufuatiliwa na miaka mitano baadaye kingamwili zilikuwa bado zipo. Ni kweli kiwango chao kilikuwa chini ya wale wa dozi mbili au tatu, hilo lisifichwe, lakini watafiti walilinganisha damu ya mabinti wetu na damu ya wanawake wa sehemu nyingine ambao kwa dozi moja walionekana wamekingwa kweli kweli, wakakuta viwango vinalingana.

Na sehemu hizo nyingine mojawapo ni hapa jirani tu, Kenya. Pale KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na wenzao waliwachukua wasichana 2,275 wa miaka 15 hadi 20 kutoka Kisumu, Thika na Nairobi. Baadhi wakapewa dozi moja ya HPV, wengine wakapewa chanjo ya homa ya uti wa mgongo ili pawe na wa kulinganisha nao, halafu baadaye nao wakapewa ya HPV wasije wakapunjwa. Baada ya miezi 18 dozi moja ilikuwa imezuia maambukizi mapya ya HPV 16 na 18 kwa asilimia 97.5. Matokeo yalitoka Aprili 2022, na Desemba mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likabadilisha mwongozo wake na kuruhusu dozi moja. Australia wakahamia dozi moja mwaka 2023, Uingereza wakahama Septemba 2023. Sisi tukafuata Aprili 2024.

Hebu tulieni hapo. Mtoto wa Uingereza leo anachomwa sindano moja badala ya mbili, na sehemu ya ushahidi uliowafanya wakubali imetoka Afrika Mashariki. Halafu mzazi wa Kirumba au Buswelu anamficha binti yake chumbani kwa sababu eti Wazungu wanatujaribia. Mi simlaumu huyo mzazi hata kidogo. Nani alimwambia? Yeye alichopata ni karatasi iliyopigwa fotokopi mpaka haisomeki, mtoto kaileta jana jioni, imeandikwa kesho kuna chanjo. Mzazi wa hivyo akipata voisi noti yenye sauti ya mtu anayejiita daktari, anamwamini yule wa voisi noti maana huyo angalau kamweleza kitu.

Na Mwanza haikuanzia kwenye DoRIS. Kabla hata chanjo haijaingia kwenye ratiba ya serikali, mwaka 2010 na 2011 shule 134 za msingi za Mwanza zilishiriki utafiti wa kujua ni njia gani inafikia mabinti wengi, kuchanja darasa zima la sita au kuwachagua wa umri fulani kutoka madarasa tofauti. Kuchanja kwa darasa kulifikia wengi zaidi. Kwa mwalimu hilo halishangazi, maana mtoto wa uswahilini tarehe ya kuzaliwa mwenyewe haijui vizuri, na ukianza kuwatoa darasani mmoja mmoja wanajiona wametengwa na maneno yanaanza. Mnaona basi, mkoa huu umeifundisha dunia mambo mawili makubwa kuhusu hii chanjo na kwenye vikao vyetu vya wazazi hakuna hata sentensi moja.

Nije kwenye ugonjwa wenyewe. Tanzania kila mwaka wanawake zaidi ya elfu kumi wanakadiriwa kupata saratani ya mlango wa kizazi na zaidi ya elfu sita wanafariki. Ndo saratani inayoongoza kwa wanawake wa nchi hii. Wengi wanafika hospitali za Ocean Road au Bugando ikiwa hatua ya tatu au ya nne, kwa sababu mwanzoni haiumi, na ikianza kutoa damu mtu anadhani ni hedhi imevurugika au anaenda kwanza kwa mganga. Shangazi yangu mdogo aliondoka hivyo. Alikuwa anavuja damu muda mrefu hasemi, anaona aibu, anajifungia, anafua usiku watu wamelala. Tulipojua hospitali walisema imeshasambaa, na zile siku za mwisho ile harufu tu ilimfanya akatae hata wajukuu wasiingie chumbani. Naandika hivi wazi kwa sababu watu wanapoambiwa saratani wanaona neno tu, hawajui mama wa watu anavyopitia.

Na hao wanaosema sindano inaua kizazi naomba wanisikilize hapa. Kinachoondoa kizazi ni saratani yenyewe. Mwanamke akikutwa nayo mapema anaweza kufanyiwa upasuaji kizazi kikatolewa, ikiwa imesogea anapigwa mionzi na mionzi hiyo inaharibu mayai, hapo hata kama ana miaka 30 na hajapata mtoto ndo basi. Kwa hiyo mzazi anayelinda uzazi wa bintiye kwa kumficha asichomwe anauacha huo uzazi wazi kwa hatari yenyewe.

Kuna wanaoogopa kwamba wanamchoma mtoto kirusi hai. Hapana. Mwanasayansi wa Ujerumani, Harald zur Hausen, ndo aligundua miaka ya 1983 na 1984 kwamba HPV 16 na 18 zimo ndani ya uvimbe wa saratani hii, akapewa tuzo ya Nobel 2008, na hizo aina mbili peke yake zinasababisha karibu asilimia 70 ya saratani ya mlango wa kizazi duniani. Kisha mwaka 1991 huko Australia, Ian Frazer na mwenzake Jian Zhou aliyetokea China wakapata njia ya kutengeneza lile ganda la nje la kirusi bila kitu ndani. Ni kama ganda la karanga ambalo halina karanga, ukilipanda haliwezi kuota. Mwili unaliona lile ganda, unalijua sura, unaandaa kingamwili, na siku kirusi cha kweli kikija kinakutwa kinasubiriwa. Basi ndo hivyo tu, ndani ya ile chupa hakuna kirusi kinachoweza kuzaana.

Ndo maana pia inatolewa mapema, na hapa napo pana maneno mengi, eti tunawafungulia watoto njia ya ngono. HPV inaambukizwa kwa kujamiiana na ni ya kawaida mno, watu wengi wanaoshiriki ngono watakutana nayo wakati fulani wa maisha, hata mke mwaminifu anaipata kwa mumewe. Chanjo haiwezi kuondoa kirusi kilichokwisha kuingia, kwa hiyo lazima itangulie. Binti wa darasa la nne anachomwa leo kwa ajili ya ndoa yake ya miaka ijayo huko. Mtoto mwenyewe pale kwenye foleni anachowaza ni kama itauma.

Matokeo ya huko walikotangulia yapo. Scotland mwezi Januari 2024 walitoa takwimu za wanawake waliozaliwa kati ya 1988 na 1996, kati ya waliochanjwa kikamilifu wakiwa na miaka 12 au 13 hawakukuta hata mmoja mwenye saratani ya mlango wa kizazi. Hata mmoja. England nao kwa waliochanjwa umri huo huo saratani imepungua kwa asilimia 87.

Na tuangalie pia waliosikiliza uvumi. Japani walianza vizuri, karibu mabinti saba kati ya kumi walikuwa wanachanjwa, kisha mwaka 2013 video za wasichana wanaotetemeka zikasambaa kwenye TV, serikali ikaacha kuihimiza chanjo, ikaporomoka mpaka chini ya asilimia moja. Uchunguzi uliofanyika baadaye, ukiwemo mkubwa wa mji wa Nagoya, haukukuta kwamba chanjo ndo chanzo cha yale matatizo. Serikali ikarudi kuihimiza Aprili 2022. Karibu miaka tisa, na hao mabinti waliopita katikati hapo bila kinga ni wanawake sasa. Japani ina hospitali za kila aina, ina vipimo kila kona, sisi tukiingia kwenye shimo kama hilo tutatoka na nini?

Kuna jingine la Colombia ambalo kila mwalimu wa afya angepaswa kulijua. Mwaka 2014 kwenye mji wa El Carmen de Bolívar wasichana walianza kuzimia baada ya chanjo, mmoja, watatu, mwishowe mamia, video zikaingia mtandaoni. Uchunguzi ulionyesha ni hofu iliyoambukizana, lakini uchanjaji nchi nzima ulianguka. Mi nimeona mwanzo wa kitu kama hicho kwa macho yangu, binti mmoja kaanguka kwenye foleni na kufumba na kufumbua wanne wanalia wanasema wanaona giza. Mkono kuuma, kuvimba kidogo, homa ya siku moja, kizunguzungu, haya yapo na wazazi waambiwe kabla. Ila mengi yanapungua kwa mipango midogo tu: watoto wanywe uji kwanza, wasipangwe juani, anayechomwa asionekane na walio kwenye foleni, akimaliza akae kwenye benchi dakika 15 hata kama anajisikia mzima, na yule anayeogopa sana achomwe akiwa amelala. Haya hayahitaji bajeti. Lakini timu ikija saa nne ghafla na haraka zao za kwenda shule nyingine, utayapanga saa ngapi?

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni mbona wasichana tu. Swali zuri na lijibiwe kwa heshima. HPV inawapata wavulana pia na inaweza kuwaletea saratani ya koo, ya uume na ya njia ya haja kubwa, na nchi kama Australia wanawachanja wavulana tangu 2013. Sisi tumeanza na wasichana kwa kuwa huko ndo vifo viko, na kwa kuwa miaka ile ya 2018 chanjo zenyewe zilikuwa haba duniani mpaka tukaanza na wa miaka 14 pekee. Hiyo 14 ilitutesa sana, kwa sababu binti anachomwa ya kwanza akiwa darasa la saba, miezi sita baadaye ameshamaliza, mmoja kaenda sekondari wilaya nyingine, mwingine kaenda Dar kufanya kazi za ndani, mwingine kaolewa, dozi ya pili utampata wapi. Dozi moja imemaliza hilo tatizo kwa siku moja, na ndo faida yake kubwa kwa nchi kama yetu kuliko hata pesa iliyookolewa.

Bado wapo wanaoachwa. Binti asiyesoma, yuko mwaloni anaanika dagaa na mama yake, au yuko nyumba ya mtu anafanya kazi, huyo foleni ya shule haimfikii, inabidi wahudumu wa afya ngazi ya jamii wamfuate. Na binti anayeishi na VVU, huyo dozi moja haimtoshi, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka apate angalau mbili na ikiwezekana tatu, na mwanamke mwenye VVU hatari yake ya kupata saratani hii ni mara sita ya mwingine. Kliniki za CTC, zile za wanaoishi na VVU, zibebe hilo kimya kimya bila kumwaibisha mtoto mbele ya wenzake.

Sasa ombi langu kwenu Mhariri na kwa ndugu zetu wa afya wa mkoa. Tarehe ya kuchanja ijulikane wiki mbili kabla. Kiitwe kikao cha wazazi, siku ya Jumamosi ambapo akina baba wako, aje nesi wa zahanati ya hapo hapo wanayemjua kwa sura, aje na shehe na mchungaji wa mtaa wakae waulize na wao. Aelezwe mzazi kwamba dozi hii moja ilipimwa Mwanza na Kisumu, kwa ridhaa ya wazazi kama yeye, na matokeo ni haya. Nyie wa gazeti mtumeni mwandishi aende MITU, na kama kati ya wale mabinti 930 wapo walio tayari kuongea, ambao sasa ni wakubwa, wapeni ukurasa waseme wenyewe kwa Kiswahili, na wale wanaojua Kisukuma redio za hapa ziwape nafasi. Nawahakikishia gazeti hilo nitalibandika ukutani ofisini kwetu na nitatoa kopi.

Na kwenye hicho kikao cha wazazi, kwa kuwa nesi atakuwa amekuja, apange siku ya akina mama wa miaka 30 mpaka 50 kupimwa kwa ile njia ya siki, yaani mlango wa kizazi unapakwa siki na kuangaliwa, inachukua dakika chache na majibu unapewa hapo hapo, dalili za awali zikionekana wanazitibu kabla hazijawa saratani. Mama atakayekuja kwa ajili ya binti naye aondoke na tarehe yake.

Mwalimu wa afya, shule ya msingi,
Ilemela, Mwanza